Yatima Hadeki

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, wazee 11 wa mtaa wetu hapa Gongo la Mboto hukutana chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya marehemu bibi mmoja nitakayemweleza katika kurasa hizi. Wanawake ni 8 na wanaume ni 3, nami ni mmoja wa hao 3. Watoto huja mmoja mmoja, wengine na vikombe mkononi kwa ajili ya uji, wengine na madaftari, na wengine mikono mitupu. Hao ndio ambao kwa lugha ya maofisini huitwa watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Sisi hatuwaiti hivyo. Tunawaita wajukuu.

Hatuna jengo, hatuna gari lenye maandishi ubavuni, wala hatulipwi. Tulicho nacho ni sufuria mbili kubwa, jamvi, daftari moja nene, na umri wetu. Ndugu msomaji anaweza kuuliza: watu wenye magoti mabovu na presha ya damu watamsaidia nini mtoto ambaye hana baba wala mama? Nami niliwahi kuuliza hivyo. Ilinichukua miaka mingi, na makosa yangu mwenyewe, kulipata jibu.

Waswahili husema yatima hadeki. Nilipokuwa mwalimu kijana niliuona msemo huu kuwa ni mawaidha, yaani yatima hana budi kujikaza na kuacha mambo ya kitoto. Niliwahi hata kuwaambia wanafunzi wangu hivyo, nikidhani nawatia moyo. Leo nimeshapita umri wa miaka 70 na nauona kuwa si mawaidha hata kidogo. Msemo haukatazi, unaeleza tu hali ilivyo. Yatima hadeki kwa sababu hana wa kumdekea. Basi historia ninayotaka kuisimulia hapa ni historia ya wazee wa upande huu wa jiji waliokubali kudekewa na watoto wasiokuwa wao.

Nilihamia Gongo la Mboto mwaka 1981, nikiwa na mke na watoto wawili, baada ya kupangiwa shule moja ya msingi ya upande huu. Kwa sensa ya mwaka 1978 mkoa mzima wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,000 hivi. Kwa sensa ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Msomaji aone mwenyewe tofauti. Wakati ule, ukishapita uwanja wa ndege na Ukonga, Barabara ya Pugu ilipita katikati ya mikorosho, minazi na mashamba ya mihogo. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam, ilipita huku ikielekea Pugu na Morogoro, na wengi wetu tulijua saa kwa mlio wa treni. Usafiri ulikuwa wa taabu. Tulisubiri mabasi ya UDA, na baadaye tukazipanda daladala na zile chai maharage, ambazo abiria waliketi wakitazamana, magoti kwa magoti.

Pamoja na taabu hizo, mtoto hakukosa mtu mzima. Balozi wa nyumba kumi, utaratibu ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, alijua kila nyumba ina watoto wangapi na nani kati yao ana homa. Mtoto akionekana anazurura saa za shule, mtu yeyote mwenye mvi aliweza kumshika mkono na kumrudisha, na mzazi alikwenda jioni kushukuru. Msichana alipovunja ungo alipewa somo, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mama yake, ambaye alimfundisha mambo ya utu uzima na kubaki mshauri wake hata baada ya kuolewa. Mvulana naye alikuwa na wazee wake wa jandoni.

Juu ya yote hayo kulikuwa na utani wa babu na bibi. Babu alimwita binti wa miaka 6 mke wangu, na bibi alimwambia mvulana kuwa ndiye mume aliyemchagua, tena akamsuta kwa kutomletea kitoweo. Vijana wa siku hizi huuona utani huo kuwa ni mzaha mtupu. Lakini ulikuwa na kazi yake. Mtoto akigombana na baba yake, alikuwa na pa kukimbilia ambapo hakuna atakayemhukumu. Kwa baba alifunzwa, kwa babu alideka, na kwa njia hiyo alikua akiwa amenyooka pande zote mbili. Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema kwamba wazee kuwaongoza watoto wa wenzao ni jambo jipya lililoletwa na mashirika, nashangaa. Hata jina la kazi hiyo tulikuwa nalo tangu zamani: usomo.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera, na ilipofika mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuwa na wagonjwa. Hapa kwetu tuliisikia kwanza kama habari ya mbali. Kisha wakaanza kurudi nyumbani watu wazima waliokuwa na kazi zao, wakiwa wamekonda, kuja kuuguzwa na mama zao waliozeeka. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na wiki ambazo nilikwenda mazikoni mara 3. Ukipiga hodi katika nyumba ulikaribishwa na bibi, ukawaona wajukuu, na katikati yao hapakuwa na mtu. Ilikuwa kama ngazi iliyong'olewa vipago vya katikati.

Watu waliona kwamba watoto wale wamepoteza wazazi. Jambo ambalo halikuonekana upesi ni kwamba walipoteza na bibi zao pia, ingawa bibi walikuwa hai. Mwanamke ambaye jana alikuwa wa kutaniwa na kudekewa, leo amekuwa ndiye baba na ndiye mama. Ndiye wa kutafuta unga, wa kulipa kodi, wa kukaripia, wa kusema hakuna. Mtoto naye, akiona bibi yake ameinama juani, hujifunza kunyamaza. Nimewafundisha watoto wengi wa namna hiyo. Walikuwa na adabu kupita kiasi, na sisi walimu tuliwasifu kwa adabu hiyo bila kujua bei yake.

Mmoja wao alikuwa katika darasa langu la nne mwaka 1996. Jina lake sitalitaja. Alikuwa na miaka 10, kaptura yake ya kaki ilikuwa na kiraka cha kitambaa cha rangi nyingine, na katika hesabu za kichwa hakuna aliyemtangulia. Baba na mama yake walikuwa wamefariki wakipishana kwa miezi michache, naye alilelewa na bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akikaanga vitumbua kando ya kituo cha daladala.

Ada za shule za msingi nchini mwetu zilifutwa mwaka 1973, lakini uchumi ulipotetereka katika miaka ya 1980 michango ya wazazi ilirudi, na huo uliojulikana kama mchango wa UPE ukawa ndio ada yenyewe kwa jina jingine. Kila muhula nilipewa orodha ya wasiolipa, na kazi yangu ilikuwa kuwasimamisha na kuwarudisha nyumbani. Mvulana yule nilimrudisha mara mbili. Mara ya tatu alikuja na bibi yake. Yule mama alifungua fundo la pindo la kanga, akazihesabu sarafu zake juu ya meza yangu, moja moja. Hazikufika nusu. Akaniuliza kama mtoto anaweza kuendelea kusoma wakati yeye anatafuta zilizobaki.

Nilikuwa na wanafunzi zaidi ya 90 na mwalimu mkuu alikuwa akinisubiri na hesabu. Nikamwambia, "Bibi, utaratibu ni utaratibu. Zikitimia mlete."

Akajibu, "Haya, mwanangu." Akazikusanya sarafu, akafunga fundo, wakaondoka.

Hawakurudi. Baada ya wiki kadhaa nililipitisha jina la mtoto yule mstari wa wino mwekundu katika rejesta, na pembeni nikaandika mtoro. Mwaka uliofuata nilimwona mnada wa Pugu akiswaga ng'ombe wa watu, fimbo imemzidi urefu. Aliponiona alijificha nyuma ya ng'ombe. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nami nikajiuliza, je, asiyekuwa na mama, akafukuzwa na mwalimu, yeye afunzwe na nani? Nilijiuliza, lakini nilirudi nyumbani nikala chakula changu.

Haitakuwa haki kusema kwamba taifa zima lililala. WAMATA, chama cha watu wa kujitolea, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1989 kuwahudumia wagonjwa na jamaa zao. Serikali ilikuwa na makao yake ya watoto Kurasini. Kituo cha Dogodogo kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwapokea wavulana waliokuwa wakilala barabarani mjini. Mwishoni mwa mwaka 1999 Rais Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulikwenda pamoja na kufutwa kwa ada na michango ile, na watoto wakafurika madarasani hadi wakakaa chini. Siku ile orodha ya wasiolipa ilipokoma kuletwa mezani kwangu, nilimkumbuka mvulana yule. Alikuwa amechelewa kuzaliwa, au sheria ilikuwa imechelewa kuja. Kuanzia mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zikaanza kutolewa bure, na wazazi wengi wakabaki hai kulea watoto wao. Hakuna makao ya yatima yaliyookoa watoto wengi kuliko dawa zile, kwa maana ziliwazuia wasiwe yatima.

Jambo jingine lililonifumbua macho lilitoka Kagera, kule kule ugonjwa ulikoanzia kuonekana. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi uitwao Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi. Hawakupewa masharti marefu. Ilipokaguliwa baadaye, ilionekana kwamba fedha ile ilinunua chumvi, sabuni, viatu vya shule na chakula kilicho bora kidogo. Marekani ilikuwa imelijua jambo linalofanana na hilo tangu mwaka 1965, ilipoanzisha mpango wa kuwapa posho ndogo wazee wa kipato cha chini ili wawe kama babu na bibi kwa watoto wenye shida. Nchi mbili zisizofanana kwa lolote, moja tajiri na nyingine maskini, ziliona kitu kimoja: mzee si mzigo wa pili juu ya mzigo wa mtoto. Ukimwinua mmoja, mwingine huinuka naye.

Lakini mambo haya niliyajua kwa kichwa tu, hadi usiku wa Jumatano, tarehe 16 Februari 2011.

Wakazi wa Gongo la Mboto hawahitaji kukumbushwa. Maghala ya silaha katika kambi ya jeshi ya hapa kwetu yalilipuka usiku, mlipuko mmoja ukifuata mwingine, anga ikawa nyekundu na vyuma vikaanguka juu ya nyumba za watu. Mbagala yalikwisha kutokea hayo hayo tarehe 29 Aprili 2009, kwa hiyo hakuna aliyesimama kuuliza ni nini. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na maelfu wakakimbia makazi yao, wengi wao wakihifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao gizani.

Mimi nilikimbia. Nilikuwa nimestaafu, na miguu yangu wakati ule ilikuwa bado inanitii. Nilimshika mke wangu mkono tukafuata umati ulioelekea Chanika. Njiani nilimpita mtoto wa kike wa miaka 5 hivi, amesimama kando ya barabara analia, kiatu kimoja mguuni. Nilijiambia mama yake yuko nyuma anakuja. Nadhani kila mtu aliyempita alijiambia vivyo hivyo.

Kesho yake mchana tulirudi. Nilipokuwa nikipita kutazama nyumba zipi zimesimama, nilisikia sauti za watoto ndani ya nyumba ya yule bibi wa vitumbua. Alikuwa hajakimbia. Alikuwa na umri wa miaka kama 76, na miguu ilikuwa imevimba. Asingefika hata kituoni. Kwa kuwa hakuweza kukimbia, alikuwa amekaa mlangoni na koroboi, na kila mtoto aliyepita peke yake alimwita, "Mjukuu wangu, njoo huku." Hadi kulipopambazuka walikuwa 9. Aliwalaza juu ya jamvi, mbali na madirisha, akawatolea hadithi. Kila mshindo ulipotoka alisema paukwa, nao walijibu pakawa kwa nguvu zote, ili sauti yao ishinde ule mshindo. Walinihadithia wenyewe, wakicheka.

Nilimtafuta kati yao yule wa kiatu kimoja. Hakuwamo.

Bibi aliniona nimesimama mlangoni. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Umekuja wakati mzuri. Wewe unajua kuita majina. Hawa wengine hawajui hata mtaa wao. Chukua kalamu uandike."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakutaja sarafu, hakutaja mjukuu wake. Nilikaa juu ya kigoda chake nikaandika majina 9, umri kwa kukisia, nguo walizovaa, na lolote walilokumbuka juu ya nyumba zao: kuna mti wa mkwaju, kuna duka la mafuta ya taa, baba anafuga bata. Karatasi ile tuliipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa watu wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wakiwatafutia watoto wazazi wao. Katika siku mbili watoto 7 walichukuliwa. Wa nane alichukuliwa siku ya nne. Wa tisa hakuchukuliwa. Alikuwa akiishi kwa mjomba, na mjomba alisema waziwazi mbele ya afisa ustawi wa jamii kwamba hana uwezo tena. Mtoto akabaki kwa Bibi, kwa maandishi na mihuri.

Basi kikundi chetu kilianza kwa mtoto mmoja. Jirani mmoja, naye mzee, alileta unga. Mwingine alileta shuka. Wa tatu alikuja na mjukuu wake mwenyewe aliyekuwa amemshinda kwa utoro, akaomba tumsemeshe pamoja. Mkono mmoja haulei mwana, lakini tuligundua kwamba hata mikono 20 yenye mvi, ikishikana, ina nguvu yake. Bibi ndiye aliyetaka kila mtoto awe na somo wake, na asiwepo mzee mwenye watoto zaidi ya 4, kwa maana, alisema, "Huwezi kumsikiliza mtoto wa tano."

Kazi yenyewe ni ndogo ndogo. Somo huenda shuleni siku ya wazazi na kukaa kwenye benchi, ili mtoto naye akigeuka aone mtu wake. Humpeleka kliniki anayekunywa dawa, na kuhakikisha kwamba hazifichi chini ya godoro. Hukagua madaftari. Bibi mwenyewe alijua kusoma kwa sababu alikuwa mmoja wa watu wazima walioingia darasani baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na alizisoma ripoti za shule polepole, kidole juu ya mstari, mtoto akitetemeka mbele yake. Wanawake hufundisha kupika na kusuka ukili. Mimi hufundisha hesabu. Na wote, kwa amri ya Bibi, hutakiwa kutania.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila mzee ni malaika. Mwaka 2013 tuligundua kwamba mmoja wetu alikuwa amemgeuza msichana aliyekabidhiwa kuwa mtumishi wake. Mtoto aliamka alfajiri kuchota maji, akafua, akafika shule wenzake wamekwisha kuingia darasani. Hakulalamika, kwa kuwa yatima hadeki. Tulimwondoa mzee yule, na haikuwa rahisi, kwani alikuwa mtu wa heshima na wengine walisema tunamvunjia jina. Tangu hapo tuna masharti. Hakuna mtoto anayelala kwa mzee bila ofisi ya mtaa na ustawi wa jamii kujua, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka malezi ya kambo yapitie huko. Tunatembelea nyumba wawili wawili. Na mtoto huulizwa faraghani, siyo mbele ya somo wake. Mapenzi bila ukaguzi ni hatari, hata yakitoka kwa mwenye mvi.

Wala hatukufaulu kwa wote. Katika daftari letu kuna majina zaidi ya 60. Baadhi wamemaliza kidato cha nne, mmoja ni muuguzi, wengine ni mafundi. Wavulana wawili walitutoroka wakaenda mjini, tukawafuata Kariakoo mara kadhaa, hawakutaka kurudi. Na sisi wenyewe tunapungua. Watatu wetu tumewazika. Wengine hukosa Jumamosi kwa sababu siku hiyo hawana nauli au hawana dawa. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumpa kila mzee aliyefikia miaka 70 pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule. Wenzangu waliposikia walicheka na kusema labda tuhamie Unguja. Lakini nilijua wanachowaza. Shilingi 20,000 si utajiri, ila ni sukari ya uji na nauli ya kliniki, na ni mzee kuweza kumpa mtoto kitu bila kukopa.

Bibi alifariki mwaka 2017. Siku ya kuanua matanga uwanja ulijaa hadi barabarani, na waliojaa wengi walikuwa vijana. Niliombwa nisome majina ya wote aliowalea, nikayasoma kutoka kwenye daftari, na kila aliyetajwa aliinua mkono. Nilipofunga daftari, mwanamume mmoja wa miaka 30 na kidogo, aliyekaa karibu na mlango, alisema kwa sauti ya chini, "Shikamoo mwalimu. Mimi simo?"

Nilimtambua kwa macho. Alikuwa dereva wa malori ya Tunduma, alianzia utingo. Daftari lilianza mwaka 2011, naye alikuwa wa kabla ya daftari. Nikamwambia mbele ya watu, kwa sababu nilikuwa nimemwandika vibaya mbele ya watu, "Mwanangu, wewe hukuwa mtoro. Mimi ndiye niliyekufukuza, kisha nikakusingizia."

Akatazama chini. "Najua, mwalimu. Bibi alinikataza kukuchukia. Alisema na wewe ulikuwa na wakubwa zako."

Kumbe miaka yote ile tuliyokaa pamoja chini ya mwembe, alikuwa anajua kila kitu, na alikuwa amenisamehe kabla sijaomba. Nilifungua daftari tena. Juu ya jina la kwanza palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Nikaliandika jina lake hapo, kwa wino wa buluu. Tangu mwaka ule, kila akirudi kutoka safari ya Mbeya, hatuletei maneno mengi. Hushusha gunia la maharage na kuondoka.

Jumamosi iliyopita msichana wa miaka 7, ambaye alipoletwa kwetu mwaka jana alikuwa hasemi wala halii, alikataa uji. Alisema hauna sukari ya kutosha. Akapiga mguu chini, akaja kukaa juu ya goti langu hilo hilo bovu, akaanza kulia kilio kisicho na machozi. Yule mwalimu wa zamani aliyemo ndani yangu alitaka kumwambia ajikaze, uji ni huo huo kwa wote. Nikamtazama somo wake. Alikuwa anatabasamu.

Nikamwongezea sukari.